BOSI HAJAFUNGUA MDOMO, LAKINI OFISI NZIMA IMESHASIKIA: SOMO LA UONGOZI KUTOKA MLIMA KILIMANJARO

Kuna bosi ambaye akiingia tu ofisini, watu wanajua leo siku itakuwaje. Hajasalimia, hajauliza ripoti, hajatuma hata meseji kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Katupa funguo mezani, kakaza sura, kapita zake. Basi. Dada wa mapokezi anamtazama mhasibu kwa jicho la pembeni, mhasibu anarudisha kwenye droo ile karatasi aliyotaka kuipeleka, na dogo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo anajifanya yuko bize na kompyuta ambayo hata haijawashwa. Kikao kimeshaisha hapo, na hakuna aliyesema neno.

Hiyo ndiyo lugha ya mwili. Mitandaoni imejaa kila aina ya walimu wake: simama hivi, kunja mkono vile, mkazie macho mtu mpaka aogope. Vijana wa mjini wanashea video hizo kila kukicha. Lakini pale Moshi kuna chuo cha lugha ya mwili ambacho wengi wanakiangalia kila asubuhi mawingu yakifunguka na hawajui kama ni chuo. Ni mlima wenyewe, na walimu wake ni waongoza watalii na wapagazi wanaoupanda na kuushuka mwaka mzima. Kule juu, kumsoma mwenzako vibaya kunaweza kumtoa roho. Ndiyo maana mabosi wa chini, wa mahotelini, benki, mashirika na maduka ya mjini, wana mengi ya kujifunza kutoka kule.

MGENI ANASEMA "NIKO POA", MIGUU INAKATAA

Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895. Makumi ya maelfu ya wageni huujaribu kila mwaka, wakipita Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na njia nyinginezo. Pale kileleni, kila pumzi inaleta kama nusu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata akiwa Dar au Tanga. Mwili unaanza kulalamika mapema: kichwa kuuma, chakula kukataa, kichefuchefu, usingizi kupotea. Mambo yakizidi, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba. Hapo dawa ya kwanza ni moja tu, kushuka, na kushuka haraka.

Sasa shida ni kwamba mgeni anadanganya. Hadanganyi kwa ubaya. Kalipa hela nyingi, kasafiri mabara mawili, kawaahidi washkaji zake picha ya kwenye kibao cha kileleni. Ukimuuliza anajisikiaje atajibu yuko poa, tena kwa tabasamu. Mwongozaji anayetegemea mdomo tu atampandisha mtu huyo mpaka aanguke.

Kwa hiyo mwongozaji mzoefu anaangalia. Anaangalia nani kabakiza supu kwenye hema la chakula. Nani alikuwa mcheshi jana na leo kanuna. Nani anahangaika na zipu ya koti kwa dakika nzima. Nani anajikwaa kwenye njia tambarare, nani maneno yanamgongana mdomoni. Usiku wa kupanda kilele, watu wakitoka Barafu au Kibo mnamo saa sita usiku, hakuna sura ya kuona. Kuna mwanga wa taa za kichwani na baridi kali tu. Hapo mwongozaji anasoma miguu. Hatua zikianza kuyumba kama za mtu aliyetoka kilabuni, anajua kazi imeanza.

Kuna jambo moja hapo ambalo walimu wa mitandaoni hawalisemi. Mwongozaji haishii kwenye kuangalia. Akiona dalili hakurupuki kutoa hukumu, anauliza. Anapima kwa kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni na mapigo ya moyo. Anamwambia mgeni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Alichokiona kimempa swali, na jibu la swali ndilo linalompa uamuzi.

Bosi wa mjini anafanya kinyume kabisa. Akimuona mfanyakazi kanyamaza kwenye kikao, hukumu imetoka: huyu ana dharau. Akimuona kachelewa kucheka utani wake: huyu kanuna, kuna kitu anakipanga. Hajauliza wala kupima chochote. Kumbe mwenzake kalala KCMC akimuuguza mama.

MGUMU NAYE HASEMI

Lugha ya mlimani haiwahusu wageni peke yao. Kundi la wageni wachache linaweza kuwa na watu zaidi ya kumi nyuma yake: mwongozaji mkuu, wasaidizi wake, mpishi na wapagazi, wale wanaojiita "wagumu". Jina hilo wamelipata kihalali. Mgumu anabeba mzigo wa hadi kilo 20 unaopimwa kwenye mizani getini, bado begi lake mwenyewe, na anatakiwa afike kambini kabla ya mgeni ili hema liwe limesimama na maji yamechemka.

Lakini ugumu wa jina haumfanyi asiumwe. Mpagazi naye anapigwa na baridi, naye kichwa kinamuuma, naye mapafu yake ni ya binadamu. Tena mara nyingi nguo zake ni za mitumba ya Memorial wakati mgeni kavaa koti la bei ya pikipiki. Ila mgumu akiumwa ana sababu nzito zaidi ya mgeni ya kunyamaza. Akirudishwa chini anaogopa kupoteza siku zake za malipo na mgao wake wa bakshishi. Anaogopa zaidi kwamba safari ijayo hataitwa, kwa sababu getini wanaosubiri kazi ni wengi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sawa. Lakini wahenga hawakumuuliza mgonjwa ni nani aliyemfanya afiche.

Hapo ndipo mwili wa kiongozi unapoingia. Jioni kambini, mwongozaji mmoja anapita kwenye hema la wapagazi, anachuchumaa, anakaa nao kwenye moshi wa jiko, anauliza nani kala na nani hajala, anamtazama kila mtu. Mwingine anasimama mbali, mikono mfukoni, anaita majina kama anahesabu mbuzi, kisha anakimbilia kwenye hema la wageni kuchekacheka. Wote wawili watasema maneno yaleyale: "Mwenye shida aseme." Kwa wa kwanza, atasema. Kwa wa pili, atajifunika blanketi na kuomba Mungu kukuche.

Halafu kuna msonyo. Mtanzania yeyote anaujua msonyo, ile sauti ndogo ya mdomo isiyo na neno ndani yake. Mgumu mmoja akijitokeza kusema kifua kinambana, na mkubwa akasonya kabla ya kumjibu, basi kambi nzima imepata taarifa. Mkubwa anaweza hata kumsaidia baada ya hapo, akampa dawa na mtu wa kumshusha. Haijalishi. Wengine wote walioona wameshaweka akilini kwamba hapa kuumwa ni kero. Anayefuata kuumwa hatasema, na huyo ndiye anayeweza kufa.

Ofisini mambo ni hayohayo, tofauti ni kwamba kifo chake ni cha polepole. Mhasibu kaona hesabu hazikai sawa, kamkumbuka bosi alivyosonya mwezi uliopita, kanyamaza. Nesi kaona dozi iliyoandikwa haieleweki, kamkumbuka daktari alivyomtupia jicho mbele ya wagonjwa, kanyamaza. Fundi kaona breki za gari la watalii hazishiki vizuri, kanyamaza. Siku ikilipuka, bosi huyohuyo anauliza kwa mshangao: "Kwa nini hamkuniambia?"

Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alikutana na jambo kama hilo miaka ya 1990 alipochunguza timu za hospitali. Alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba katika timu hizo watu hawakuogopa kusema, wakati kwingine makosa yalikuwepo ila yamefichwa. Bosi anayejisifu kwamba kwake hakuna matatizo, ajiulize kwanza kama kuna mtu anayethubutu kumletea.

ANAYETANGULIA NDIYE SPIDI

Neno la Kiswahili ambalo huenda kila mgeni wa Kilimanjaro analishika kabla ya mengine ni "pole pole". Linachapishwa kwenye fulana zinazouzwa mjini Moshi. Ila kinachowapunguza wageni mwendo ni mgongo wa aliye mbele. Mwongozaji anatangulia kwa hatua fupi, nzito, zinazofanana, na kundi zima linajikuta linatembea hivyo. Akianza kukazana kwa sababu kaona wingu baya, hata asipotoa neno, mapigo ya moyo ya kila mtu nyuma yake yanapanda.

Hilo ni jambo ambalo mabosi wengi hawalielewi kuhusu miili yao. Mfanyakazi wa kawaida akikunja uso, kakunja uso. Bosi akikunja uso, ofisi inajipanga upya. Watu wa chini wanamtazama wa juu kuliko yeye anavyowatazama, kwa sababu riziki yao iko mikononi mwake. Mwili wa mdogo ni swali, mwili wa mkubwa ni amri. Ukishika cheo, hauna tena uso wako binafsi saa za kazi. Umechoka kwa sababu ya foleni na mtoto hakulala? Wao hawajui hilo. Wanachojua ni kwamba umeingia bila kusalimia siku ambayo mikataba inaisha.

Mlima huu wenyewe umewahi kutumika kutoa ujumbe bila hotuba. Desemba 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya taifa jipya na mwenge kwenye kilele kilichokuwa kikiitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Miaka zaidi ya 60 baadaye, watu wengi hawakumbuki nani alihutubia nini wiki ile, lakini picha ya mwenge juu ya barafu wanayo kichwani. Tendo la kiongozi linaishi kuliko maelezo yake, liwe zuri au baya.

MACHO CHINI SI UONGO

Sasa hapa ndipo video za kutoka nje zinapowapoteza watu. Zinafundisha kwamba anayekwepa macho anadanganya au hajiamini. Njoo na sheria hiyo Moshi uone utakavyoumbuka.

Binti kalelewa Kibosho, Old Moshi au Rombo. Toka mdogo kafundishwa akimsalimia mkubwa ainame kidogo, ashikamoo kwa sauti ya chini, asimkodolee macho. Akipokea kitu kwa mkubwa, mikono miwili. Leo kaenda kwenye usaili wa kazi katika hoteli au shirika lenye meneja kutoka nje, au hata Mtanzania aliyerudi na shahada ya ughaibuni. Kaangalia meza wakati anaongea. Kwenye fomu anaandikiwa: hajiamini. Nafasi inakwenda kwa jamaa mwenye mdomo na mapozi ambaye mwezi wa tatu atapotea na funguo za stoo.

Upande wa pili nao upo. Kijana kaiga mambo ya YouTube, kaingia kwa mzee mwenye kampuni yake ya miaka 30, kamkazia macho, kamminya mkono mpaka pete ikamuuma mzee, kakaa kabla hajakaribishwa, mguu juu ya mguu. Yeye anaona kajiamini. Mzee anaona hakulelewa. Kazi hakuna.

Na huo uwezo wa kumnasa mwongo kwa kumwangalia, ambao kila bosi anadhani anao? Watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2006, zenye waamuzi zaidi ya 24,000. Kwa wastani, watu walipatia kutofautisha ukweli na uongo kwa asilimia 54. Ukirusha shilingi juu unapata 50. Kwa hiyo bosi anayesema "mimi mtu nikimwangalia tu namjua" anaendesha ofisi kwa kurusha shilingi, na watu wanafukuzwa kazi kwa hilo.

Inauma zaidi kwa sababu huku mlimani watu walikuwa na lugha ya mwili iliyokomaa kabla ya yeyote kuandika kitabu kuihusu. Isale, ule mmea wanaoupanda Wachaga kwenye mipaka ya vihamba, ulikuwa barua ya kuomba radhi. Mtu aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani lake, na aliyepelekewa alitarajiwa kusamehe. Kwenye mbege nako, mwenyeji huonja kwanza ndipo mgeni apokee kata, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba kinywaji ni salama. Huyo mwenyeji hajatoa hotuba kuhusu uaminifu. Kaunywa.

Bosi wa leo akikosea mbele ya watu, anaomba radhi kwa meseji ya usiku kwa mtu mmoja, halafu kesho anajifanya hakuna kilichotokea. Kama tusi lilitoka hadharani, radhi nayo itoke hadharani. Wazee wa mlimani walilijua hilo bila semina ya hotelini.

MAUJANJA YA MITANDAONI YANA MATOBO

Kuna namba inayozunguka kwenye kila semina: eti asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu. Namba hiyo imetokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Yalihusu jambo finyu sana, jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji pale neno lake, sauti yake na uso wake vinapopingana. Mehrabian mwenyewe alishasema haifai kutumika kwa mawasiliano yote. Na ni akili ya kawaida tu: kama maneno ni asilimia 7, mbona mtu hawezi kuelewa taarifa ya habari ya Kichina kwa kuangalia mikono ya mtangazaji?

Kuna na ile ya kusimama kama shujaa, mikono kiunoni, miguu imetanuka, dakika mbili kabla ya usaili. Ilitokana na utafiti wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap wa mwaka 2010, na hotuba ya Cuddy ya mwaka 2012 imetazamwa na makumi ya mamilioni. Madai yalikuwa kwamba pozi hilo linabadilisha hata homoni. Mwaka 2015 watafiti wengine wakarudia kwa watu wengi zaidi. Watu walijisikia wana nguvu, lakini homoni hazikubadilika wala tabia yao. Mwaka 2016 Carney mwenyewe akaandika kwamba haamini tena kuwa matokeo yale ni ya kweli.

Kwa hiyo kama pozi linakupa moyo, likae chooni kabla ya usaili, hakuna ubaya. Ila usidhani uongozi unapatikana kwa kutanua mabega. Mlimani kuna watu wafupi, wapole, wanaoongea taratibu, na wageni kumi wanawafuata gizani bila kuuliza.

"UKICHEKA NA NYANI UTAVUNA MABUA"

Wapo watakaosema haya yote ni ulegevu. Bongo bila kukaza sura watu hawafanyi kazi. Ukiwazoesha, kesho wanachelewa, keshokutwa wanakupanda kichwani. Methali ya nyani na mabua wanayo mkononi.

Hoja yao ina ukweli wake. Bosi anayecheka na kila kitu, anayeogopa kumwambia mtu kwamba kazi yake ni mbovu, naye anaumiza ofisi. Wachapakazi wanaona mzembe anachekewa, wanakata tamaa. Mlimani nako hakuna mchezo. Mwongozaji akisema unashuka, unashuka, hata kama umelia na kutaja bei uliyolipa.

Lakini angalia anavyosema. Hapigi kelele wala hasonyi. Anasimama mbele yako, anashuka mpaka usawa wa macho yako kama umekaa kwenye jiwe, anaongea polepole, na msaidizi wake tayari kashika begi lako. Msimamo upo wote, dharau haimo. Ukali na kununa ni vitu viwili. Mkali anakwambia kosa lako ni lipi na lirekebishwe lini. Aliyenuna anakuacha ukisie, na mtu anayekisia siku nzima hafanyi kazi, anafanya upelelezi.

Bosi wa kununa anapata utii akiwepo tu. Siku akienda Arusha kwenye mkutano, ofisi inakuwa sokoni Mbuyuni.

KWA DADA ZETU, HESABU NI TOFAUTI

Kuna haki moja ambayo lugha ya mwili haigawi sawa. Mwanaume akikaza sura ofisini, ni mtu wa kazi. Mwanamke akikaza sura, ana stresi za nyumbani. Akitabasamu, anaambiwa anajirahisisha. Wanawake wachache waliojitosa kuongoza watalii mlimani wanaijua hesabu hiyo: watu wanatazama mwili wao kwanza kabla ya kutazama kazi yao.

Na kuna mkono. Ule mkono wa bosi unaokaa begani kwa binti sekunde nyingi kuliko salamu inavyohitaji, ile kuegemea kiti chake kutoka nyuma "kumuonyesha kitu" kwenye kompyuta. Binti anaganda, anacheka kicheko cha kujilinda, na bosi anatafsiri kicheko hicho kama ruhusa. Kuganda si ruhusa, na kicheko cha woga si ruhusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama jinsia, na unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi hiyo inauhesabu kuwa ubaguzi. Bosi anayejisifu kujua kusoma watu, aanze kwa kusoma mabega yaliyokakamaa chini ya mkono wake.

BASI IFANYIKE NINI?

Mambo yenyewe hayahitaji semina ya milioni.

1. Salamu kwanza, na iwe ya watu wote. Bosi anayemsalimia meneja na kumruka mlinzi getini, mlinzi kaona, meneja kaona, na wote wamejifunza kitu.

2. Simu chini. Mtu akikuletea tatizo huku wewe unaperuzi Instagram, umeshamjibu. Kama huna muda mwambie aje saa nane, na saa nane uwepo.

3. Taarifa mbaya ipokelewe kwa uso uleule wa taarifa nzuri. Hapa ndipo bosi anapopimwa kuliko mahali pengine popote. Sekunde tatu za kwanza baada ya kuambiwa "bosi, kuna tatizo" zinaamua kama utaambiwa tena.

4. Ukiona dalili, uliza faragha. "Leo umekuwa kimya, kuna nini?" inatosha. Usihukumu macho ya mtu kabla hujajua kalelewa vipi.

5. Kaa nao. Chai ya saa nne mara moja kwa wiki pale wanapokunywa wao, si kwa ajili ya picha ya kuposti.

6. Umewanunia kwa mambo yako binafsi? Sema: "Jamani leo siko vizuri, haihusiani na nyie." Sentensi moja inaokoa siku nzima ya uvumi.

Na wewe dogo uliye chini, nawe una sehemu yako. Ukijua bosi wako katoka kwenye utamaduni wa kuangaliana machoni, mwangalie akiongea, hutakuwa umekosa adabu. Ukijua ni mzee wa heshima za kwao, punguza mapozi. Na ukiumwa, ukikwama au ukikosea, sema mapema ukiwa bado unaweza kutembea mwenyewe. Mlimani mtu anayeshuka kwa miguu yake anarudi kujaribu tena. Anayebebwa kwenye machela ndiye aliyechelewa kusema, au aliyekosa mtu wa kumwambia.

Kila asubuhi Moshi, mabosi kibao wanafungua dirisha wanatazama mlima na kuupiga picha. Wachache wangejaribu kitu kingine leo: waingie ofisini, wasalimie, halafu wahesabu ni watu wangapi wameinua macho kutoka mezani. Hiyo ndiyo ripoti ya kweli ya uongozi wao, na haijapita kwa sekretari.